Tunahesabu viini, hatuhesabu safari

Kuna programu moja niliyoiandika ikaninyima usingizi siku tatu. Kazi yake nyepesi kabisa: inapewa maandishi mengi, kama gigabaiti sita hivi, yaliyokwisha kupakiwa kwenye RAM (kumbukumbu kuu ya kompyuta), inayapitia baiti moja moja na kuhesabu nafasi tupu zilizomo kati ya maneno. Basi. Uzi mmoja, yaani mfuatano mmoja wa maelekezo, uliimaliza kwa sekunde 9.

Kompyuta yangu ina viini vinane, yaani vitengo vinane vya kuhesabu ndani ya prosesa moja. Nikayagawa maandishi mafungu manane, nikaanzisha nyuzi nane, kila uzi na fungu lake. Nikatengeneza safu ya vihesabio vinane, kila uzi uwe na chake, ili usiwepo wa kumsubiri mwenzake wala haja ya kufuli (kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa zamu). Nikaianzisha nikitarajia sekunde moja na kitu.

Ilichukua sekunde 14.

Nikaisoma tena programu mstari kwa mstari. Hakuna uzi uliogusa kihesabio cha mwingine. Hakuna kufuli. Jibu lenyewe lilikuwa sahihi, kila tarakimu mahali pake. Lakini wafanyakazi wanane walikuwa wamechukua muda mrefu kuliko mmoja, na kila nilichowahi kufundishwa kuhusu kompyuta sambamba, zile zinazogawana kazi moja kwa wakati mmoja, kilisema hilo haliwezekani katika kazi inayogawanyika kirahisi namna ile.

Wengi mtakuwa mmeshajua kilichotokea. Nieleze hata hivyo, kwa sababu ndicho kilichonifungua macho kwa mengine yote. Kihesabio kimoja kina baiti 8. Vinane vikipangwa pamoja ni baiti 64. Na baiti 64 ndicho kipimo cha mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini) katika prosesa nyingi tunazotumia, yaani kile kipande kidogo kabisa ambacho viini hupeana. Kiini hakichukui kihesabio chake peke yake. Kinachukua mstari mzima. Na kiini kikitaka kuandika lazima kwanza kiumiliki mstari huo peke yake, hivyo nakala zote zilizoko kwenye viini vingine zinabatilishwa papo hapo. Kwa macho yangu vihesabio vile vilikuwa vyumba vinane. Kwa macho ya maunzi vilikuwa chumba kimoja, na mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanane. Kila nafasi tupu iliyopatikana ilimaanisha mstari kunyang'anywa kiini kimoja na kupelekwa kingine, kisha kunyang'anywa tena.

Na safari hiyo si fupi. Prosesa ya gigahezi 3 inapiga pigo moja kwa theluthi ya nanosekunde. Katika muda huo nuru yenyewe, ikiwa haina kizuizi, inakwenda kama sentimita 10 tu, na umeme ndani ya waya za chipu uko nyuma ya nuru kwa mbali. Kuutoa mstari kwenye kashe ya kiini kimoja hadi kingine hula makumi ya nanosekunde, yaani mapigo mia na zaidi ambayo kiini kinakaa kikingoja ruhusa ya kuongeza moja.

Niliweka vihesabio mbali mbali, kila kimoja na mstari wake. Muda ukashuka hadi sekunde 1.2. Ningeweza kufurahi nikaishia hapo, lakini kuna swali lilibaki likinisumbua: kwa nini mimi, niliyesomea mambo haya, sikuliona? Nilijiuliza mpaka nikakumbuka mchoro.

Mchoro huo kila mtu aliyefundishwa kompyuta sambamba ameuona. Juu kuna visanduku vimeandikwa P1, P2, P3, P4. Chini yake mstari mmoja mrefu. Chini ya mstari, sanduku moja kubwa: KUMBUKUMBU. Mwalimu wangu aliuchora ubaoni kwa sekunde ishirini, na mimi nikaishi nao miaka kumi na zaidi. Mchoro unasema kumbukumbu ni moja, kila prosesa iko umbali sawa nayo, na mmoja akiandika wote wanaona. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli kwenye mashine iliyo mbele yangu.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi, na linaweza kuthibitishwa na yeyote mwenye nusu saa. Chukua vibadilika viwili, x na y, vyote vikiwa sifuri. Uzi A unaandika 1 kwenye x, kisha unasoma y. Uzi B unaandika 1 kwenye y, kisha unasoma x. Je, inawezekana wote wawili wasome sifuri? Fuata mchoro: lazima mojawapo ya maandiko mawili lilitangulia kufika kwenye lile sanduku kubwa, kwa hiyo atakayesoma baadaye ataikuta 1. Sifuri mbili haziwezekani. Sasa andika programu yenyewe, irudie mara milioni kwenye prosesa ya kawaida ya x86 (aina iliyomo kwenye kompyuta nyingi za mezani), na uhesabu. Sifuri mbili zinatokea. Kila kiini kina foleni yake ndogo ya maandiko ambayo hayajatoka nje, na kusoma hakusubiri foleni hiyo iishe. A ameandika, lakini andiko lake bado liko mlangoni mwake, B kadhalika, na wote wameshasoma. Kwenye prosesa za ARM, zile za simu nyingi, kanuni ni legevu zaidi ya hapo.

Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliliweka wazi jambo hili mwaka 1979, alipoeleza kwa usahihi ni nini hasa tunachokitarajia tunaposema kumbukumbu ni moja na shughuli zinafuatana. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo ilijulikana kuwa matarajio hayo ni mkataba unaopaswa kulipiwa gharama. Mashine zetu nyingi hazikuulipia. Nasi tukaendelea kuchora sanduku moja.

Sitaki nieleweke kwamba wabunifu wa maunzi walitudanganya. Walibanwa. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza vipimo vya transista (swichi ndogo ndogo za umeme ndani ya chipu) na volteji yake kwa uwiano mmoja, umeme unaotumika kwa kila eneo la chipu unabaki palepale. Kwa miaka thelathini hivi kanuni hiyo ilitubeba: transista ndogo zaidi, saa yenye kasi zaidi, joto lilelile, na programu ya jana inakimbia zaidi bila kuguswa. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 volteji ikagoma kushuka zaidi, kwa sababu transista ndogo zilikuwa zinavujisha umeme hata zikiwa zimefungwa. Saa za prosesa zikakwama kwenye gigahezi chache, na nyingi ziko huko mpaka leo. Mwaka 2004 Intel iliiacha prosesa iliyokuwa ikiitwa Tejas na kuelekeza nguvu kwenye viini viwili ndani ya chipu moja, jambo ambalo IBM ilikwisha kulifanya na Power4 mwaka 2001.

Viini vingi havikuja kwa sababu sisi waandishi wa programu tuliviomba. Transista zilikuwepo, haziwezi kuendeshwa haraka zaidi, basi zikatumika kunakili kiini kilekile mara mbili, mara nne, mara nane. Na ili programu za zamani zisivunjike, tukapewa ule mchoro wa sanduku moja uendelee kuonekana kama ni wa kweli, huku chini yake kukiwa na mitambo mizito ya kashe inayohangaika kuudumisha. Tumelelewa na methali kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo hatukuona shida kuamini kwamba vidole vinane vitavunja mara nane zaidi. Hatukuuliza chawa yuko wapi, na nani atamleta.

Kuna dhana ya pili ambayo inafundishwa kama sheria ya maumbile, nayo ni ya mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl. Mwaka 1967 alitoa hoja kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo itakayoamua kila kitu. Tuseme kazi inachukua dakika 100, na 5 kati ya hizo haziwezi kugawanywa. Lete prosesa 1000: zile dakika 95 zinakuwa sehemu ya kumi ya dakika, lakini zile 5 ziko palepale. Umepata kasi mara 19 na kitu. Lete milioni, hutafika 20. Hesabu hiyo haina kosa, na watu wengi waliitumia kusema kwamba mashine zenye prosesa nyingi sana ni kupoteza fedha. Mwaka 1985 Alan Karp aliahidi dola 100 kwa yeyote atakayeonyesha kazi halisi ikiongezeka kasi angalau mara 200 kwenye kompyuta sambamba, kwa kuwa wengi walikuwa wakiahidi makubwa bila kuonyesha.

Walioonyesha walitoka Sandia National Laboratories: John Gustafson na wenzake wawili, kwenye mashine ya prosesa 1024. Mwaka 1988 Gustafson aliandika alichokiona, na ninachokipenda katika hoja yake ni kwamba hakuigusa hesabu ya Amdahl hata kidogo. Aligusa dhana iliyokuwa imejificha ndani yake: kwamba ukubwa wa kazi haubadiliki. Nani anapewa mashine kubwa mara elfu akaendelea kutatua tatizo dogo lilelile? Mtu anayeiga mwendo wa hewa au maji huigawa nafasi katika vijisanduku vidogo. Akipunguza upana wa kijisanduku kwa nusu, idadi yao inakuwa mara nane, na hatua za muda nazo lazima ziwe fupi kwa nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara kumi na sita. Karibu yote hiyo inagawanyika. Ile ya kupakia programu na kusoma maelekezo mwanzoni inabaki kama ilivyokuwa. Kwa kazi zilizokuzwa namna hiyo walipata kasi zaidi ya mara 1000 kwa prosesa zao 1024.

Miaka mingi nilidhani mjadala uliishia hapo na Gustafson ameshinda. Sidhani hivyo tena. Anayesubiri ukurasa ufunguke hahitaji ukurasa mkubwa mara elfu. Anahitaji uleule, mapema. Huyo yuko kwa Amdahl na atabaki huko. Isitoshe, na hili ndilo lililonigonga baada ya zile sekunde 14, katika hesabu zote mbili hakuna mahali popote palipoandikwa data inasafiri umbali gani. Zinagawanya muda kati ya kinachogawanyika na kisichogawanyika. Kazi yangu iligawanyika yote, asilimia mia, na bado ilipungua kasi.

Nirudi kwenye programu, maana kuna jambo sijalisema. Baada ya kuvitenganisha vihesabio nilibadilisha kitu kingine kidogo: badala ya kuandika kwenye safu kila mara, uzi unahesabu kwenye kibadilika chake cha ndani na kuandika jumla mara moja tu, mwishoni. Kwa udadisi nikaiendesha kwa uzi mmoja peke yake. Kompaila (programu inayogeuza nilichoandika kuwa lugha ya mashine), ilipoona kwamba haihitaji tena kupeleka kitu kwenye kumbukumbu kila hatua, ikapata nafasi ya kupanga hesabu iwe ya baiti 32 kwa mpigo. Uzi mmoja ukamaliza kwa sekunde 0.9.

Uzi mmoja uliwashinda wanane niliokuwa nimewasifu dakika chache kabla.

Nilikaa nikaitazama namba hiyo kwa muda. Kama ningekuwa naandika ripoti, ningeweza kwa uaminifu kamili kusema kwamba programu yangu ya vihesabio vilivyotengana "inakua vizuri": kutoka sekunde 9 kwa uzi mmoja hadi 1.2 kwa nane, karibu mara nane. Mchoro wa mstari ulionyooka kwenda juu. Na ingekuwa taarifa ya kweli isiyo na faida kwa mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimelinganisha na uzi mmoja mbovu.

Hili limewapata wakubwa kuliko mimi. Mwaka 2015 Frank McSherry, Michael Isard na Derek Murray walichukua matokeo yaliyokwisha kuchapishwa ya mifumo mashuhuri ya kuchakata grafu kubwa (mitandao ya vitu na viungo kati yake), baadhi ikitumia viini 128, wakaandika programu rahisi ya uzi mmoja na kuiendesha kwenye kompyuta mpakato. Kazi ilikuwa mizunguko 20 ya PageRank (hesabu ya kupima umuhimu wa kila kitu kwa viungo vyake) kwenye grafu ya Twitter yenye viungo kama bilioni 1.5. Mfumo wa Spark kwenye viini 128 ulichukua sekunde 857, GraphX sekunde 419 kwa viini hivyo hivyo. Uzi wao mmoja, data ikiwa kwenye RAM: sekunde 275. Kisha wakaipanga data kwa mpangilio bora zaidi, bado kwa uzi mmoja, wakafika 110. Kipimo walichokipendekeza ninakitumia sasa kila siku: mfumo wako unahitaji viini vingapi ndipo uanze kuushinda uzi mmoja ulioandikwa kwa ustadi? Kuna mifumo ambayo jibu lake ni mamia. Kuna ambayo jibu halipo kabisa.

Angalieni ni kitu gani kilichoishusha kutoka 275 hadi 110. Hawakuongeza kiini. Walibadilisha mpangilio wa data, vitu vinavyotumika pamoja vikae karibu.

Dhana ya mwisho ninayotaka kuigusa ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu kuna mtu aliyeipinga kwa kujenga mashine nzima. Sote tunaamini kwamba kashe ni lazima. RAM iko mbali, kuifikia ni nanosekunde 100 hivi, kwa hiyo weka nakala karibu. Burton Smith, mbunifu wa kompyuta, aliuliza swali tofauti: kwa nini tunakazana kuufupisha muda wa kungoja, badala ya kuujaza? Mashine yake ya Tera MTA, iliyofungwa San Diego Supercomputer Center mwishoni mwa miaka ya 1990, haikuwa na kashe ya data hata moja. Kila prosesa ilibeba hali za nyuzi 128 ndani ya maunzi yenyewe, na ilihama kutoka uzi hadi uzi kila pigo la saa. Uzi mmoja ukiomba data kutoka mbali, unakaa kando. Kuna wengine 127. Data ikirudi baada ya mapigo mia na kitu, zamu yake inafika. Prosesa haikungoja, ingawa kila uzi ulingoja.

Na kila neno la kumbukumbu lilikuwa na biti ya ziada inayosema "limejaa" au "tupu". Msomaji akikuta tupu anasubiri mpaka aliyekusudiwa kuandika aandike. Kukubaliana kati ya nyuzi kulikaa ndani ya data yenyewe, neno kwa neno, wala si kwenye kufuli kubwa lililojengwa juu yake. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

MTA haikuenea, kampuni ya Tera iliinunua Cray mwaka 2000 na kuchukua jina lake. Lakini wazo la kuujaza muda wa kungoja liko ndani ya kila GPU (prosesa ya michoro) leo. NVIDIA hupanga nyuzi katika makundi ya 32, na sehemu moja ya chipu inaweza kushikilia hata nyuzi 2048 kwa wakati mmoja, nyingi zikiwa zinasubiri kumbukumbu wakati wengine wanafanya kazi. Anayeingia kwenye GPU akiwa na mchoro wa P1 hadi P4 kichwani hushangaa kwa nini anaambiwa aanzishe nyuzi nyingi kuliko vitengo vya kuhesabia vilivyopo. Jibu ni la Smith.

Sisemi kashe zitupwe. Sony, Toshiba na IBM waliziondoa kwa njia nyingine katika prosesa ya Cell, iliyoingia kwenye PlayStation 3 mwaka 2006: viini vidogo vyenye kilobaiti 256 za kumbukumbu binafsi kila kimoja, na mwandishi wa programu ndiye anayesafirisha data kuingia na kutoka kwa mkono wake. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mashine ya Roadrunner ya Los Alamos, iliyotumia toleo lake, ilikuwa ya kwanza kuvuka petaflopu moja (hesabu trilioni elfu kwa sekunde) mwaka 2008. Kuiandikia programu kulikuwa mateso, na haikuendelea. Ila Cell haikuficha kitu: safari ya data ilikuwa inaonekana, ukiisahau programu haiendi kabisa. Kwenye kompyuta yangu niliisahau, programu ikaenda, na ikachukua sekunde 14.

Na umeme nao unasema hilohilo. Mark Horowitz wa Stanford alitoa makadirio mwaka 2014, kwa teknolojia ya nanomita 45: kujumlisha namba mbili za desimali za biti 32 hula kama pikojuli 1 (sehemu moja ya trilioni ya juli, kipimo cha nishati), kuleta biti 64 kutoka DRAM, yaani chipu za RAM, hula zaidi ya pikojuli 1000. Tunanunua kompyuta kwa kuhesabu wajumlishaji, ilhali gharama iko kwa wabebaji.

Siku hizi, kabla sijaandika uzi wowote, nachora mchoro wangu kwenye karatasi. Hauna sanduku moja kubwa. Una viini, kashe ya kila kimoja, kashe ya pamoja, RAM kwa mbali, na kwenye kila mshale naandika ni baiti ngapi zitapita na mara ngapi. Programu ya nafasi tupu ilipofanyiwa hivyo, mchoro ulionyesha mshale mmoja tu mnene: gigabaiti sita kutoka RAM, mara moja, hakuna njia ya kukwepa. Nikaiendesha kwa nyuzi mbili, tatu, nne. Kwa nyuzi nne ilimaliza kwa sekunde 0.3. Kwa nane, sekunde 0.3. Njia ya kutoka RAM ilikuwa imejaa tangu uzi wa nne, kwa hiyo nimeiacha kwenye nne, na viini vingine vinne navitumia kwa kazi nyingine.